Nahodha wa Mayfair

Ndugu zangu wa Mayfair, hapo Joburg, natangaza kwa unyenyekevu: leo hapa Durban nimekodi jet ski, ile pikipiki ya majini, na kuiendesha mwenyewe.

Nyuma alikaa binti yangu Zuhura, mzaliwa wa Joburg. Nilitaka aone kwamba baba yake ni mtu wa Tanga, bahari anaijua.

Mbali na ufuko, injini ikanyamaza.

Zuhura akauliza kwa Kizulu, kama kawaida yake, kama imeharibika.

"Nimeizima, mama. Sikiliza bahari."

Hapo pomboo wakaibuka pande zote, karibu tuwaguse.

Zuhura akaninong'oneza, safari hii kwa Kiswahili: "Baba, wanapumua."



Ukweli wenyewe, sikuzima chochote. Niligeuka kujitapa, kamba ya usalama iliyofungwa mkononi mwangu ikachomoka kwenye injini na kuizima, nami sikujua inarudishwaje. Zuhura ndiye aliyeichomeka.

Chekeni, nimeruhusu. Tanga niliishia maji ya magoti.