Vikohozi Vyangu Ukweni Muleba

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana kila nikianza kusimulia habari hii kuna mtu lazima akohoe makusudi, na mimi nimechoka. Aibu ni yangu, sikatai. Nilimwaibisha baba mdogo, nikaiteremsha timu daraja, nikakaribia kumkosa mke, na yote hayo niliyafanya nikiwa nimekaa kwenye kiti nimeinamisha kichwa kama mtoto wa komunio ya kwanza.

Mwaka ule nilikuwa mchezaji wa kulipwa. Msicheke! Mchezaji wa kulipwa wa mchezo wa simu, ule wa kupigana risasi watano kwa watano. Tulikuwa na ligi kamili, jezi zenye majina mgongoni, mikataba tuliyosaini, na tajiri mmoja mwenye duka la simu pale mjini Bukoba alitupa chumba cha juu chenye intaneti na feni (feni ilikuwa mbovu, lakini ilikuwepo). Msimu ulianza vizuri mno, tukashinda mechi nne mfululizo, na mnatujua Wahaya tukishinda, mimi nilikuwa navaa jezi hata nikienda kununua mkaa hapo Kashai. Halafu tukaanza kupigwa, tukapigwa tena, mpaka ikabaki mechi ya mwisho, sisi na timu ya Muleba, anayepoteza anashuka daraja. Tajiri akasema wazi kwamba tukishuka kile chumba anakifanya stoo.

Mechi ilipangwa Alhamisi, na Alhamisi umeme ukakatika, waandaaji wakaihamishia Jumamosi saa nane mchana. Sasa Jumamosi saa nane mchana, jamani, mimi nilikuwa natakiwa Muleba nyumbani kwa Mzee Laurian, kupeleka posa ya binti yake, Koku.

Mtu mwenye akili angemwambia kapteni wetu Jovin, kaka, siwezi. Lakini mchezaji wetu wa akiba alikuwa amesafiri, na timu ikianza na watu wanne inahesabiwa imeshindwa. Nikafikiri hivi (na hapa ndipo nilipojichimbia shimo): kwenye posa mtaka mke hasemi kitu. Anakaa nyuma ya wazee wake, ameinama kwa heshima, mshenga ndiye mdomo wake. Saa mbili nzima hakuna anayekuuliza chochote. Sasa mtu anayeinama saa mbili bila kuulizwa chochote, si anaweza kuinamia simu?

"Na utaongeaje na sisi?" Jovin akauliza.

"Nitakohoa. Kikohozi kimoja adui yuko kulia, viwili yuko kushoto."

"Deus, wewe una kichwa!" akasema, na mimi nikamwamini.

Ijumaa jioni Koku akanipigia. Koku ananijua, tumeshakula chipsi pamoja mara nyingi, mimi nikila kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Sikuombi kingine. Kesho zima simu. Sijasema uiweke kimya, nimesema uzime."

"Nitazima, mama," nikajibu, simu ikiwa kwenye chaji kwa ajili ya kesho yake.

Basi tukaondoka Bukoba na Noah ya kukodi. Baba mdogo Thadeo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alibeba spika kubwa ili posa ikikubaliwa tuimbe na kucheza, na njia nzima simu yangu ndiyo iliyokuwa ikipiga muziki kwenye spika hiyo, kwa blutuu. Tulipofika tukaizima, ikawekwa pembeni karibu na madumu ya lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikaisahau kabisa.

Nikakaa nyuma ya wajomba wawili wanene, kanzu, koti juu, simu mapajani ndani ya koti, na kidude kisicho na waya kwenye sikio la upande wa ukuta. Mechi ikaanza. Baba mdogo naye akaanza.

"Waitu, ndugu zetu, tumetembea, tumechoka, lakini katika mji huu tumeona ua..."

Nikakohoa.

"...ua zuri, tukasema tusipite..."

Nikakohoa mara mbili.

Shangazi yake Koku, mama mmoja mrefu asiyepitwa na kitu, akauliza, "Huyo kijana ana nini?"

"Ni vumbi la njiani, waitu," akajibu baba mdogo.

"Vumbi? Si mmekuja kwa lami?"

Akaniletea maji ya moto yenye limau. Nikanywa bila kunyanyua uso (watu wakasema, kijana ana adabu huyu), nikakohoa tena kwa sababu adui alikuwa kulia. Nikamsikia shangazi akinong'ona na wenzake, "Kifua hiki kimepimwa? Tusije tukazika mkwe kabla ya harusi." Mzee Laurian mwenyewe akauliza kama mimi ni mzima, na baba mdogo akaapa kwamba ni mzima kabisa, shamba zima la Hamugembe nalilima peke yangu. Sijawahi kulima hata tuta moja.

Tukawa sare, ikabaki raundi ya mwisho. Na huku nje ya simu mambo yalikuwa yamenyooka, Mzee Laurian ameshika kikombe cha lubisi tulicholeta, na akinywa maana yake amekubali. Mjomba mmoja wa kwetu, kwa furaha yake, akaenda kuwasha spika ili wimbo usichelewe. Sikioni kwangu kukawa kimya ghafla. Nikadhani kidude kimeisha chaji, nikakohoa.

Ndipo sauti ya Jovin ikatoka kwenye ile spika, ikajaa mji mzima mpaka kuku wakakimbia: "Deus! Hicho ni kikohozi kimoja au viwili? Kohoa vizuri bwana!"

Nilishtuka kiasi kwamba vikanitoka viwili vya kweli.

"Haya, kushoto! Nimempata! Hawa watu wa Muleba hawana kitu kichwani, kazi yao kunywa lubisi tu! Wamalize!"

Mzee Laurian alikuwa na kikombe mdomoni. Akakiweka chini polepole.

"Anayesema ni nani?"

Baba mdogo Thadeo, mtu anayeweza kuongea tangu asubuhi mpaka jioni bila kumeza mate, alisema "Waitu..." na maneno yakamwishia hapo. Shangazi alishasimama, anasema turudi kwetu na kifua chetu cha uongo. Mimi machozi yalinilenga, siwafichi. Niliiona ile Noah ikirudi Bukoba na lubisi yetu yote, na Koku akibaki nyuma.

"Mwiteni Koku," akasema mzee. "Aje aseme kama anamjua huyu."

Koku akatoka, kitenge kipya, nywele zimesukwa.

Akamjibu baba yake, "Namjua, tata. Ndiye niliyemwambia azime simu."

Akaja mpaka kwangu, akanyoosha mkono. Nikatoa simu ndani ya koti. Sasa kwenye kioo, Mungu anisamehe, amebaki adui mmoja tu na amenipa mgongo, na kwetu nimebaki hai mimi peke yangu.

"Koku," nikanong'ona, "bonyeza hapo kulia. Mara moja tu."

Akaisogeza simu mdomoni. "Jovin, ni Koku. Mimi ni mtu wa Muleba." Akabonyeza pembeni, akashikilia mpaka ikazima.

Tukashuka daraja pale pale.

Mzee Laurian akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe Muleba tuna kitu kichwani!" akasema, akachukua kikombe chake na kunywa chote. Lakini faini nilipigwa, mbuzi mmoja wa matusi na mbuzi mmoja wa kikohozi, na shangazi ndiye aliyewachagua.

Chumba kimekuwa stoo kweli. Jovin alininunia miezi mitatu, akaja kunisamehe siku za kuandaa harusi. Na siku ya harusi kanisani, padre kaniuliza kama nakubali, nikakohoa kwa woga. Kimoja. Kutoka mabenchi ya nyuma nikasikia sauti ya Jovin, "Kulia!" Kanisa zima likaangua kicheko, na padre naye akageukia altare, mabega yakimtikisika.

Koku hakucheka. Alininyooshea mkono tu, kama siku ile. Na mimi, nimevaa suti mbele ya watu wote, nikatoa simu mfukoni nikampa, maana nilikuwa nimeiweka kimya, sikuwa nimeizima.

Siku hizi nazima, jamani. Nazima kabisa.