Barabara Mbele ya Lori

Katika saluni ya Mama Vijumba hakuna nywele iliyopotea bure. Mabaki ya nywele za bandia yaliyoanguka sakafuni hayakwenda jalalani. Aliyafagia, akayatenga kwa rangi, akayakatakata kwa mkasi mpaka yakawa majani. Ya kahawia yalikuwa nyasi za kiangazi, meusi yalikuwa vivuli chini ya vichaka. Kulikuwa na karani mmoja aliyependa kusukia nywele za kijani, watu wakamcheka mpaka akataka kuacha. Mama Vijumba peke yake ndiye aliyemsihi asibadilishe.

"Dada, kichwa chako ni shamba langu," alimwambia. "Ukiweka nyeusi utaniletea ukame."

Jina lake alilipata kwa kazi hiyo ya pembeni. Wateja wakipungua, msusi huyu alijenga mandhari ndogo juu ya vipande vya mbao: nyumba za kutosha kiganjani, madaraja ya njiti za kiberiti, magari ya bati la makopo. Hakufundishwa na mtu. Alichojua alikijua kwa kuharibu na kurudia. Alishika kanuni moja, kwamba kila kazi ina bibi harusi wake na ina wapambe, na wapambe wakimzidi bibi harusi kwa mapambo, harusi imeharibika. Kazi ikikaribia kwisha aliigeuzia kioo kikubwa cha saluni akaitazama humo, kwa maana jicho likizoea kitu husamehe makosa yake, lakini kwenye kioo kushoto huwa kulia na makosa yote hutoka hadharani. Halafu alimgeukia mteja aliyekuwa kitini: "Sema haraka, umeona nini kwanza?"

Basi kaka yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Ugonjwa wa sukari ukamchukulia mguu mmoja, chini ya goti. Hospitali walimpa mguu wa bandia. Akautia kwenye mfuko wake, akausukuma chini ya kitanda, akageukia ukutani. Daktari alikuwa ameonya kwamba asipoanza kusimama mapema goti litakakamaa, na mguu ule hautamfaa tena maisha yake yote. Mkewe alimbembeleza, watoto wakambembeleza, majirani wakaja na nasaha zao. Wote aliwafukuza.

"Wifi, mimi nimeishiwa maneno," mke wa kaka alikuja kusema saluni. "Wewe ni damu yake. Jaribu."

Maneno Mama Vijumba naye hakuwa nayo. Alikuwa na mbao na gundi.

Alianza na lori la kaka yake. Bati alilitoa kwenye kopo la maziwa, taa za nyuma akazipaka rangi ya kucha. Alikumbuka turubai la buluu lenye kiraka na ndoo iliyoning'inia nyuma. Kisha akaingia kwenye mandhari, na huko akajisahau. Akatengeneza mlima, miti, mbuzi, na kibanda cha chai chenye mabenchi na birika. Wifi yake alipopita kuangalia, akasimamishwa mbele ya kioo.

"Umeona nini kwanza?"

"Kibanda! Ee, mpaka birika lina mfuniko!"

"Na lori je?"

"Kwani kuna lori?"

Mama Vijumba alicheka, lakini iliuma. Siku hiyohiyo akaking'oa kibanda. Kile kibanda, nawaambieni, kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na mtu awezaye kung'oa kizuri chake mwenyewe kwa sababu hapo si mahali pake, huyo ndiye fundi. Sisi wengine ni wapenda sifa tu. Mbuzi akabaki mmoja. Mlima akaufifisha rangi, akauweka upande huu, na lori upande ule karibu na ukingo wa ubao, ili nyuma yake ionekane barabara yote ndefu ambayo kaka yake aliimaliza. Vikalingana kama mizani. Kioo kikakubali, na kila mteja akasema lori.

Akaupeleka ubao, akauweka juu ya meza iliyokuwa chini ya dirisha. Kaka yake akageuza shingo, akatazama.

"Ndilo lenyewe," alisema, na Mama Vijumba akashusha pumzi. "Lakini mbona umeliegesha?"

"Sijaliegesha, kaka. Si liko barabarani?"

"Barabara gani? Njia yote umeiweka nyuma. Mbele hapo hata baiskeli haipiti." Akarudi ukutani. "Asante, mdogo wangu. Kuegeshwa nimeegeshwa vya kutosha."

Mama Vijumba alirudi kazini na ubao wake, amenuna. Kutwa nzima alibishana na kaka yake kichwani, huku akivuta nywele za mteja mpaka maskini akaomba msamaha kwa kosa asilolijua. Wateja walipokwisha akauweka tena ubao mbele ya kioo. Kioo hakikuwa kimemdanganya. Yeye ndiye aliyeuliza swali nusu. Siku zote aliuliza jicho linaona nini kwanza. Hakuwahi kuuliza, likishaona, linakwenda wapi.

Akalibandua lori, akalirudisha nyuma hadi chini ya mlima. Mbele yake ikabaki barabara, na juu ya barabara hakukuwa na kitu. Mikono ilimwasha kuweka mti, au hata jiwe. Kwenye kioo upande mmoja ulionekana mzito na mwingine mtupu, na kwa kanuni zake zote hiyo ilikuwa kazi mbaya. Alimng'oa hata yule mbuzi, akamtia mfukoni mwa aproni asije akashawishika.

Akaurudisha ubao kwa kaka yake, juu ya meza ileile. Mama Vijumba aliyafuata macho yake. Yalianza kwenye lori, yakashika barabara taratibu, yakafika ukingoni mwa ubao, yakapita, yakatokea dirishani.

"Taa ya kushoto ilikuwa na ufa," alisema hatimaye. "Wewe umeiweka nzima."

"Haikuwa na ufa."

"Dereva alikuwa nani, mimi au wewe?"

"Basi njoo unionyeshe. Nitachora nini, na mwenye taa amelala?"

Wifi yake, aliyekuwa mlangoni, alishika mdomo. Kaka akajiinua kwa kiwiko.

"Mama watoto," akasema, "hebu utoe huo mfuko."

Haikuwa rahisi. Mikanda ilimshinda, akatukana, jasho likamtoka. Mkono mmoja akauweka begani kwa mkewe, mwingine kwa dada yake, akajikokota mpaka mezani na kuinama usawa wa lori. Mama Vijumba alikuwa akilia waziwazi wala hakujifuta.

"Ufa ulikuwa hapa," kaka alisema, akigusa taa kwa ukucha. Kisha akauchunguza ubao wote. "Na mbuzi yuko wapi? Si ulikuwa na mbuzi?"

"Yuko mfukoni."

"Mwache hukohuko. Asinizibie njia."