Shairi Lililogongwa Muhuri

Nivumilieni, jamaa zangu, maana mtu ninayetaka kuwasimulia si mtu mbaya. Ni mpiga chapa. Meza yake iko kwenye kibaraza cha ofisi ya ardhi, mguu mmoja umewekewa kipande cha tofali, na juu yake imekaa tapureta ambayo herufi yake ya R hupanda juu ya wenzake kama mtoto anayetaka kuonekana kwenye picha. Tunamwita Katibu. Kwa miaka ishirini na sita amewaandikia watu maombi ya viwanja, malalamiko ya mipaka, barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, na kila moja ameigonga muhuri wake: IMECHAPWA KWA UANGALIFU. Angebaki hapo hapo, nisingekuwa na la kusema.

Lakini dada yake alikuwa anastaafu.

Huyo dada ni mkunga, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Siku moja alitoka zahanati akapita kibarazani, akasimama mbele ya meza. Kukaa si kazi anayoijua.

"Mdogo wangu, Ijumaa ya mwisho wa mwezi wananiaga. Sitaki kitambaa, sitaki saa ya ukutani. Niandikie shairi, ulisome mwenyewe. Mji mzima umeuandikia, mimi hujaniandikia hata mstari."

"Dada, mbona jambo dogo!"

"Kama dogo, mbona miaka yote hii halijafanyika?"

Alikuwa na wiki tatu. Ya kwanza aliimaliza akijiandaa kuonekana mshairi. Alifuga ndevu, zikakubali upande mmoja tu. Alinunua daftari la jalada gumu na asiandike kitu ndani yake, eti karatasi nzuri haichafuliwi ovyo. Akaanza kutembea mikono nyuma, macho mawinguni, mpaka akatumbukiza mguu kwenye ndoo ya mfagiaji. Na alipoutoa, maji yakimchuruzika kwenye soksi, akatutangazia kwamba tusimwite tena Katibu. Tumwite Malenga.

Malenga! Ubeti mmoja hajaandika. Nimeona watu wakinunua kamba kabla ya ng'ombe, lakini huyu alikuwa ameshatafuta na wateja wa maziwa.

Wiki ya pili akakaa kuandika. Akapachika karatasi, akafumba macho, akamfikiria dada yake, na vidole vikakimbia vyenyewe njia viliyoizoea miaka ishirini na sita. Alipozinduka, ukurasa ulikuwa umejaa. Juu kabisa umeandikwa YAHUSU: SHATI JEUPE LA SHULE. Chini yake: Tafadhali husika na somo hilo hapo juu.

Aliona haya kama mtu aliyekwenda harusini na kandambili. Hiyo ni barua, alijisemea, na shairi halina Yahusu. Hata hivyo, mpiga chapa hatupi karatasi ambayo upande mmoja bado mweupe. Akaigeuza. Akaazima kamusi na kuanza kuchuma maneno kama mgeni achumaye uyoga: lililong'aa zaidi ndilo lililoingia kapuni.

Msikilizaji wa kwanza alikuwa Fundi Viatu, jirani yake wa kibarazani, mtu wa misumari mdomoni na maneno machache.

"Tulia usikie," alisema Katibu, akajinyoosha.

"Ewe adhimu wa shani, mwenye tadhima adili,
Tausi mwenye thamani, lulu ing'arayo mbali..."

Fundi Viatu alitema msumari mmoja kiganjani. "Huyo ni nani?"

"Dada yangu."

"Dada yako yupi? Yule mkunga?"

"Nina mwingine?"

"Tausi, yule? Viatu vyake navishona mimi. Kisigino cha kulia kinalika kwa ndani kila baada ya miezi minne, kwa kusimama. Mwandikie hicho."

"Kisigino hakina heshima, Fundi. Na hakina vina."

"Haya, Malenga. Endelea na kuku wako."

Akaendelea kweli. Beti saba! Vina vimekaa, mizani imetimia, naye dada haonekani ndani kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa ikafika. Chumba cha kusubiria cha zahanati kilipangwa viti, mizani ya watoto wachanga ikasogezwa pembeni, na wauguzi wakajibana kwenye mabenchi. Katibu alisimama na karatasi yake na zile ndevu za upande mmoja. Alisoma kwa sauti aliyoazima sijui wapi, nzito, ya kutetemeka. Kwenye ubeti wa tatu watu walipiga makofi wakidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Kwenye wa tano mganga mkuu alianza kuangalia simu. Alipofika mwisho kukawa kimya, maana hakuna aliyetaka kukosea mara ya pili.

Dada yake alimtazama kama anavyomtazama mama anayesukuma kabla ya wakati.

"Asante," alisema. "Sasa, mdogo wangu, mimi nimo wapi humo?"

Katibu aliangalia karatasi. Alipitia beti zote saba, ubeti kwa ubeti, na jasho likapata njia kwenye lile shavu lisilo na ndevu. Hakumwona. Mkono ukafanya ulichozoea kila karatasi inapoisha: ukaigeuza. Akasoma kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kibarazani.

"Yahusu: shati jeupe la shule. Tafadhali husika na somo hilo hapo juu. Nakiri kupokea shati moja, ulilolikata kutoka sare yako ya kazi, mfukoni likiwa bado na doa la kalamu. Wenzangu walinicheka kwamba nanuka dawa. Nilikuambia limeibwa. Halikuibwa. Nililificha darini, na wewe ukakata sare ya pili, ukabaki na moja, ukawa unaifua kila jioni. Kwa barua hii naomba radhi, ingawa nimechelewa miaka arobaini. Wako mtiifu, mdogo wako." Kisha akaongeza lisiloandikwa: "Nakala kwa: kisigino cha kulia."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi mapema. Muuguzi mmoja alijifuta kwa ukosi wa koti.

"Nilijua," alisema dada yake. "Nililikuta nikifukuza panya. Nikalifanya tambara la kudekia, nikasubiri useme." Akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Sasa msidhani mtu huyo aliamka Jumatatu na akili mpya. Wapi! Dada yake alipofika kibarazani alimkuta amelichapa upya lile shati kwa beti nne, na tausi amerudi, mkia ameutandaza.

"Nimelirekebisha, dada. Sasa lina vina."

Hakulisoma. Alimpa Fundi Viatu ile karatasi mpya pamoja na kiatu cha kulia. "Kikiwa tayari, nifungie kwa hii karatasi."

Kisha, akiwa amesimama kwa mguu mmoja wenye kiatu, akatoa mkobani ile barua ya zamani, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya tapureta.

"Hii haina muhuri," alisema. "Gonga."