Nguzo za Mwezi Mpevu

Ni mimi niliyesema nguzo zikatwe. Mjomba hakusema. Nimelikana jambo hili mbele ya mama, mbele ya mjomba mwenyewe, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Marui, Kisarawe. Alipofariki, tuliachiwa tumalize matanga, kisha tumpishe mwalimu mpya, maana nyumba ilikuwa ya shule. Mama alikuwa amekandika kuta za nyumba za watu tangu alipoolewa. Alisema neno moja tu: "Sasa nataka nyumba ambayo hakuna atakayeniambia nitoke." Tukahamia Janga, upande wa Kibaha, ambako kaka yake mkubwa alimkatia kiwanja kando ya shamba lake la mihogo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nipo likizoni kutoka shule ya bweni, na nilijua kila kitu. Nilikuwa nimesoma jiometri. Nilichora ramani kwenye daftari la hesabu, vyumba viwili na ukumbi, nikaipima ardhi kwa kamba yenye mafundo, nikamtangazia mama kwamba fundi hatumhitaji. Mama akaniamini. Siku hizi nikikumbuka, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwetu mti wa kujengea haukatwi mwezi ukiwa mpevu. Watu hungoja mwezi ufe, zije zile siku za giza, kwa kuwa mti uliokatwa mwezi ukiwaka hubaki na utamu ndani yake, na mdudu dumuzi huupenda. Kila mtu wa Janga alilijua hilo. Mimi pia nililijua, ila nilikuwa nimeliweka fungu moja na hadithi za sungura.

Siku moja mjomba alipita kwenye kibanda tulimokuwa tumejishikiza. Alikuwa anakwenda Kisarawe kwenye msiba wa ukweni kwake. Mama alikuwa kisimani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mwambie mama yako msiguse mti hata mmoja mpaka mwezi ufe. Nikirudi nitawapeleka msituni mwenyewe."

"Lakini mjomba, mwezi uko mbali sana. Mwezi wenyewe utaujuaje mti wa Janga?"

Akacheka. "Na wewe uliye karibu, unaujua?"

Mwezi ulikuwa umejaa jana yake. Kuungoja ufe kungechukua wiki mbili, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na moja. Nilitaka niiache nyumba imesimama. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, niseme yote: nilitaka nikawasimulie wenzangu bwenini kwamba nimejenga nyumba.

Mama alitua mtungi. "Kaka kapita? Kasemaje habari ya miti?"

"Kasema tukate."

Tukakata. Jirani na mkewe walitusaidia kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo na kufunga fito. Siku ya kukandika walikuja wanawake wa kitongoji kizima, miguu imezama kwenye udongo, na walinitania kwelikweli. "Msomi, udongo hautupwi kwa kalamu! Utupe kwa hasira, kama unamtupia mke mwenzio!" Mlango niliutengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya mafuta ya taa. Ukiubana juu, chini ulifunguka. Dirisha langu lilikaa upande, kama mtu anayetega sikio kusikia mambo ya jirani. Mama alilisifu mbele ya kila mgeni.

Siku ya kuhamia aliingiza maji, chumvi na moto, kisha akakaa kizingitini, akanyoosha miguu. "Haya," akasema, "anayetaka nitoke aje." Nilirudi shuleni nikiwa na malengelenge viganjani, nikawaonyesha wenzangu moja moja.

Mjomba aliporudi alikuta nyumba imekandikwa. Alipouliza, mama alimjibu kwamba tumefuata agizo lake. Akadhani anataniwa, akaacha.

Likizo iliyofuata nilikuta unga. Unga mwepesi, wa manjano, ulikuwa unadondoka kutoka kwenye boriti na vichwa vya nguzo, juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya Biblia ya baba. Mama alifagia asubuhi, akafagia mchana, akafagia jioni. Ukinyamaza uliwasikia dumuzi wakila ndani ya kuta.

Mjomba alikuja akagonga nguzo ya mlangoni kwa fimbo. Ilitoa sauti ya kibuyu. "Nilisema mngoje," akasema.

"Ulisema tukate, kaka."

"Mimi?" Akanigeukia. "Mwanangu, nilikwambia nini siku ile?"

Mama naye akanitazama. Mkononi alikuwa na ufagio.

"Ulisema tukate, mjomba."

Alinitazama kwa muda, si kwa ukali. Kisha akatazama chini. Mama akasema, "Umesikia? Mtoto hana sababu ya kusema uongo." Mjomba akashika fimbo yake akaenda zake. Hakujitetea tena. Kwa mama, kule kunyamaza kukawa ndio kukiri, na wakaacha kusemezana.

Nyumba ilidumu masika mbili. Ya tatu, ukuta wenye dirisha langu ulilala, na paa likafuata. Mama alikuwa kanisani. Mjomba alikuwa na chumba kitupu, hatua mia kutoka pale, lakini mama alikwenda Kisarawe akaomba hifadhi katika chumba cha uani kwa rafiki yake wa zamani. Akakaa humo miaka sita. Kila nilipomtembelea alinipisha kitanda, akalala chini, akisema, "Si kwangu hapa, mwanangu, ningekupokea vizuri zaidi." Nami kila mara nilikuja na maneno tayari mdomoni, nikaondoka nayo. Nilikwenda chuo kikuu Kampala, nikaandika barua nne, nikazichana zote nne. Nilikuwa nimefundishwa kujenga hoja. Hoja zangu zilisimama kama nyumba yangu.

Siku niliyoitwa kwenye simu nilikuwa mwalimu Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mwalimu mkuu alinipa chombo akatoka ofisini. Upande wa pili alikuwa mjomba, kwenye simu ya hospitali ya Kisarawe, akipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mama yako katutoka. Asubuhi hii."

Sikumbuki nililia vipi. Nakumbuka nilisema, "Mjomba, zile nguzo, mimi ndiye..."

"Najua. Nilijua siku ile ile. Sikiliza, wenye simu wananitazama. Jana nilimfuata wodini, akaniuliza tena habari ya nguzo. Nikamwambia ndiyo, dada, ni mimi, nilisema mkate. Akacheka. Akasema, mzee mkaidi wewe, miaka yote hii kwa neno dogo hilo! Akanishika mkono, mpaka leo asubuhi. Sasa usije matangani ukaanza kusema mengine. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Tunamrudisha Janga, kiwanjani kwake. Nguzo za nyumba nyingine nilikuwa nimeshamkatia, za mwezi giza. Zipo uani kwangu." Nikasikia mtu akimdai chombo. "Njoo na sukari," akasema. "Huku imekwisha."