Sahihi ya Rebeccah

Johana alikuwa karani wa kituo cha majani chai karibu na Kapsoit kwa miaka ishirini na miwili, na ukarani haukumtoka hata alipostaafu. Kwake, ukipokea kitu unasaini. Hata mimi jirani yake niliwahi kusainishwa jembe la kuazima.

Basi mwaka wa 1994 alipoandika wosia, aliwaita watoto wake wawili. Kipruto, shamba la juu; saini. Rebeccah, chai ya chini mtoni, saini. Karatasi akaifungia sandukuni, ameridhika kabisa.

Rebeccah alikuwa ameachana na mumewe, amerudi nyumbani na watoto wawili, na kaka yake Kipruto alishamwambia wazi kwamba baba akifa atafute pa kwenda. Hiyo chai ya mtoni ndiyo ilikuwa tegemeo lake.

Mwaka uliofuata Johana alimpelekea wakili mmoja mjini Kericho ile karatasi, akitarajia sifa. Wakili Celine akamweleza kwamba wosia unataka mashahidi wawili, na shahidi anayerithi hupoteza alichoandikiwa, isipokuwa wawepo wengine wawili wasiopata kitu. Hapa waliosaini walikuwa warithi watupu. Kipruto hangeumia, mtoto wa kiume huku nani atamfukuza? Aliyepoteza ni Rebeccah, tena kwa kumtii baba yake. Mzee alirudi siku hiyo ameinamisha kichwa, na nilimhurumia sana.

Juma hilohilo akawaita Oyugi, fundi wa kiwandani, na Nyamoita, muuza ndizi kutoka Chepilat. Rebeccah alipowaandalia chai, babake akamwambia, "Wewe toka nje." Hakueleza kitu. Ndivyo alivyokuwa, na wakati mwingine nilitamani kumtikisa.

Nilimkuta Rebeccah kando ya zizi, analia.

"Baba amebadilisha," akaniambia. "Ameita watu wa mbali ndio sisi tusijue. Sasa nitapeleka hawa watoto wapi?"

 Ndani, Johana alisaini wosia mpya uliofuta ule wa kwanza, na wale wawili wakasaini mbele yake. Kisha akatoka, akaja polepole mpaka zizini.

"Ile karatasi ya zamani nimechoma," akasema. "Chai ya mtoni bado ni yako, Rebeccah. Nimekutoa nje leo ndio wasikutoe nikienda."