Ijumaa za Kwaresima Kule Giteranyi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Nyarusange, padiri mkuu alinikabidhi daftari la wanaosubiri ubatizo akasema, "We katekista, iko kazi tatu: fundisha sala, hesabu watu, usigombane na wakubwa." Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa na shati moja jeupe. Nilizishika zote tatu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonimaliza.

Baadaye nikahamishiwa Muyinga, kigango cha Giteranyi. Kigango ni kanisa dogo ambalo padiri hufika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote katekista ndiye anayeongoza. Padiri wa huko alikuwa mkali kwelikweli. Kwaresima ilipoanza alitugombeza: mnafunga, mnajisifu, na jirani analala njaa! Akaamuru kila nyumba ilete kila Ijumaa maharagwe ambayo ingeyala siku hiyo, yapikwe kanisani, na maskini wote wale pamoja.

Wote, alisema, na Batwa pia, lile kabila dogo la wafinyanzi wa kilima cha pili. Nyie vijana wa leo hamjui: siku zile nyungu zao tulinunua na tukapikia, lakini Mtwa akinywea kikombe chako, unakitupa. Aibu, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Wazee wa kanisa wakanijia mapema. "Ukiwakalisha hapa, sie haturudi." Nikaogopa. Nikawatengea Batwa chakula kwenye majani ya mgomba, nyuma ya jiko.

Mama Roza, mfinyanzi, alikuwa abatizwe Pasaka ile. Darasani hakuna aliyezijua sala kumshinda. Akaliangalia lile jani, kisha akaniangalia mimi.

"Nyungu ni mi nimefinyanga, na we unaninyima sahani?"

"Vumilia, mama. Ni desturi."

"Basi Yezu wenu iko na meza mbili. Mi narudi kwangu."

Pasaka jina lake likaitwa, hakuwepo. Padiri akaniuliza, nikajibu amehama. Loo, uongo mbele ya altare! Akalikata jina.

Roho ikanisuta mpaka nikashindwa kula. Wiki iliyofuata nikapanda kilima chao saa sita, jua linachoma, nikamwomba arudi darasani. Hakunitukana. Alichota maji, akanipa kikombe chake.

"Kunywa, papa. Ukinywa, mi narudi."

Koo lilikuwa limekauka. Nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili, nikakitazama weee, mkono ukagoma kupanda.

"Asante, mama. Sina kiu."

Akakipokea, akayanywa yale maji yote mwenyewe, akaurudia udongo wake. Hakubatizwa kamwe.

Sasa nimestaafu, niko Gitega na mgongo wangu huu. Kila Kwaresima makatekista wapya wananiita niwaeleze habari za haki, nami huwalaumu wale wazee wa kanisa, watu wakatikisa vichwa. Lakini siku ile kwa Mama Roza, wazee hawakuwepo.