Kitambaa Kwenye Beseni la Mama Ndaya

Mama Ndaya, muuza mawese wa soko la Manika mjini Kolwezi, hakupenda maswali. Ukimwuliza bei, atakutajia. Ukimwuliza kwa nini imepanda, atakuuliza kama wewe ndiye uliyeyakamua. Wateja walimzoea, wakanunua wakanyamaza, maana mawese yake hayakuchanganywa na kitu.

Hata hivyo, msichana yeyote wa mtaani kwao akikaribia kujifungua, ni huyo huyo mama mkali aliyefuatwa kwanza. Hakuwa mkunga. Hakujua kuzalisha hata mbuzi. Kazi yake ilikuwa vitambaa. Alikwenda kituo cha afya na beseni lake la bati lenye kifuniko, akaketi karibu na kitanda, na kila kitambaa kilicholowa damu kilitoweka kabla jicho la mgeni halijakiona. Alivifua peke yake na kuvianika ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Kwa familia yake, na kwa majirani wengi, damu ya mzazi haikuwa kitu cha kuachwa wazi. Mwenye nia mbaya akiiona tu, mama hana salama. Mama Ndaya aliamini hivyo kwa moyo wote, na alikuwa na sababu yake.

Sababu hiyo ilikuwa Mbombo, mdogo wake.

Mwaka wa tisini na tatu, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi na Wakatanga wenyeji, wasichana hao wawili walilala stesheni pamoja na umati wa watu wakisubiri treni isiyokuja. Walikuwa wamezaliwa Kolwezi. Kasai waliijua kwa kusimuliwa tu. Mbombo alikuwa na mimba, mumewe ametangulia na treni ya kwanza, na uchungu ulimshika hapo hapo sakafuni, nyuma ya shuka lililoshikiliwa na wanawake. Mtoto wa kiume alitoka salama. Ndaya akachukua vitambaa akaenda kuvisuuza bombani haraka haraka, akarudi, akachukua vingine. Hapo bombani alisimama mwanamke wa Kikatanga aliyeuza maji kwa kopo. Akamtazama, akatazama na maji yanavyotiririka.

"Ee, mama," yule mwanamke alisema. "Damu yote hii ya mutu moya? Kaangalie ndugu yako."

Ndaya akamfukuza kwa matusi. Aliporudi, Mbombo alikuwa akisema anasikia baridi, na jua lilikuwa kali. Hakusema mengi baada ya hapo. Ndaya akapanda treni na kitoto mgongoni bila mdogo wake, na moyoni akiwa na neno moja alilolibeba miaka yote: jicho la yule mwanamke wa maji ndilo lililomuua Mbombo.

Mambo yalipotulia alirudi Kolwezi na yule mtoto, ambaye baba yake hakupatikana tena na jina lake ni Jeancy. Akamlea, akamsomesha kadiri mawese yalivyoruhusu, na Jeancy akawa mchimbaji wa kobalti kama nusu ya vijana wa mji. Akaoa Abigaëlle, binti mcheshi mwenye kupenda kula, ambaye ndiye mtu pekee aliyethubutu kumtania Mama Ndaya usoni na akabaki hai.

Kisha mambo yakaharibika tena. Bei ya kobalti iliporomoka, wanunuzi wakafunga vibanda vyao, na walinzi wakawaondoa wachimbaji kwenye shimo alilochimba Jeancy. Haikutosha. Kampuni moja ikataka ardhi ya mtaa wao, upande wa Kingamyambo, na nyumba zikapigwa alama nyekundu ukutani, pamoja na ya Mama Ndaya. Alikasirika mno. Kufukuzwa mara moja katika maisha kunatosha, jamani. Mara ya pili ni dharau.

Siku ya kuhama, Jeancy alikuwa akipakia mkokoteni na Abigaëlle, tumbo limemtangulia, ameketi juu ya godoro akiwaamrisha watu wote mahali pa kuweka sufuria. Ghafla akashika tumbo. Halafu akasema, "Mama, maji imetoka."

Mama Ndaya alitafuta beseni lake kwenye mzigo kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Wakapanda pikipiki ya teksi, Abigaëlle katikati, mama mkwe nyuma amekumbatia beseni, na Jeancy akawafuata mbio kwa miguu.

Mkunga aliyekuwa zamu ni Mama Stéphanie, mwanamke mrefu wa Manono, sauti yake ya kuamrisha askari. Mama Ndaya hakumpenda. Mkunga hakuwa na kosa lolote ila ukali, na ukali huo ulifanana mno na wake mwenyewe. Tena alikuwa Mkatanga, na kwa Mama Ndaya, ikija habari ya damu, hilo lilitosha.

Isitoshe, mkunga huyo alikuwa amerudi kutoka mafunzo Lubumbashi na jambo jipya. Katika kliniki ya wajawazito aliwaonyesha akina mama mfuko wa plastiki wenye mistari, wa njano wa tahadhari na mwekundu wa hatari, unaotandazwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, ili damu iingie humo ipimwe. Aliwaeleza kwamba watafiti walijaribu njia hiyo katika hospitali nyingi za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Waligundua kwamba macho hudanganya: mkunga akikisia kwa kutazama, damu nyingi humponyoka. Mahali walipopima kwa mfuko, na damu ilipozidi wakatoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndipo wajaribu jingine, akina mama waliovuja damu vibaya walipungua zaidi ya nusu.

"Sasa damu inapimwa kama mawese?" Mama Ndaya aliuliza siku hiyo, na wanawake wakaangua kicheko.

"Wee mama, mawese unapima, juu ni franga yako," Stéphanie alimjibu. "Damu ya mutoto wako utaacha bila kupima?"

Kicheko kikahamia upande mwingine. Mama Ndaya hakumsamehe.

Basi siku ya kuhama, Abigaëlle hakusubiri mtu. Alipanda kitandani, Stéphanie akavaa glovu, na mtoto akawa tayari anatoka. Alikuwa wa kike, mzito, lakini kimya. Stéphanie akamfuta, akamsugua mgongo, akamwita kwa kila jina la upendo alilolijua. Macho yote yalikuwa kwa mtoto. Wakati huo huo damu ikamwagika kwa nguvu, na mkono wa Mama Ndaya ukafanya ulichozoea. Alikuwa amekata kitenge vipande viwili sawa. Kimoja kilikuwa chini ya mkwe wake. Akakivuta, akakikunja, akakitia katika beseni, akafunika. Mtoto akalia. Chumba kizima kikapumua.

Stéphanie alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, akamchoma Abigaëlle sindano ya kawaida ya baada ya kuzaa, akatandaza mfuko wake. Kondo la nyuma likatoka zima. Akainama kusoma mistari. Damu ilikuwa chini ya mstari wa njano.

"Muzuri," akasema. "Iko muzuri sana. Mfuko ubaki hapo, tutaangalia tena."

Akaenda kumpima mtoto uzito kwenye meza ya pembeni. Mama Ndaya akaketi, beseni miguuni, ameridhika kabisa. Mambo yamekwenda sawa na hakuna aliyeona chochote.

"Mama," Abigaëlle akasema polepole. "Minasikia baridi."

Bati la paa lilikuwa likitoa mlio kwa joto. Mama Ndaya alishika mkono wa mkwe wake, akaukuta una unyevu. Akatazama ule mfuko. Mstari wa njano ulikuwa bado uko juu ya damu, umetulia, unasema kila kitu ni kizuri. Mfuko haukudanganya. Ulikuwa unasema kile ulichopewa, basi, na nusu nyingine aliificha yeye. Alikumbuka jinsi kile kitambaa kilivyomlemea mkononi alipokivuta. Alikuwa muuza mawese. Kitambaa kilichofuta mafuta kidogo na kitambaa kilichokunywa chupa nzima alivijua hata gizani.

Na hapo, wala hakujua imetoka wapi, akasikia ile sauti ya bombani. Damu yote hii ya mutu moya? Kaangalie ndugu yako.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Upande mmoja kulikuwa na Mkatanga atakayeiona damu ya mkwe wake. Upande mwingine kulikuwa na Abigaëlle, ambaye midomo yake ilikuwa inapoteza rangi na hakuwa akitania mtu.

"Mama Stéphanie!" akaita. "Kuya. Kuya mbio. Kuko kitambaa ingine."

Akafunua beseni.

Stéphanie hakugomba. Hilo Mama Ndaya alilikumbuka kuliko yote. Alitazama mara moja tu, akauliza, "Uko na ingine kavu, ya namna moya?" Mama Ndaya akatoa kipande cha pili cha kitenge. Mkunga akaviweka kwenye mizani ya watoto, kimoja halafu kingine, akatoa uzito wa kikavu kwenye ule wa kilicholowa, akajumlisha na damu ya mfuko. Damu ilikuwa imepita hata mstari mwekundu.

Kisha akawa mwanamke mwingine. Alimwita mwenzake kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Mmoja akakanda tumbo, mwingine akatafuta mshipa. Dripu ikaingia na dawa ya kukaza kizazi, ikafuata dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, wakachunguza kama kuna mahali pamechanika. Yote kwa mkupuo mmoja, kama alivyosema kliniki. Mama Ndaya alipewa mtoto amshike, akasimama ukutani, macho kwenye ule mfuko. Damu ilipanda kidogo. Ikapanda kidogo tena. Halafu ikakaa.

Alisubiri ipande. Haikupanda.

"Tumbo imekaza," Stéphanie akasema, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Imekaza kama jiwe. Asante Mungu."

Muda ukapita. Rangi ikarudi midomoni mwa Abigaëlle, na pamoja nayo tabia yake. "Mama," akasema, "kwani pale mulibeba bitu yote, bukari ilibaki?"

Mama Ndaya alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akalia, na kilio hicho hakikuwa cha kumlilia Abigaëlle, maana Abigaëlle alikuwa anauliza kama kuna samaki pia wa kulia huo ugali. Nje, Jeancy aliposikia kilio akajitupa mlangoni uso umempauka, akamkuta mkewe anataka chakula na mama yake anacheka na kulia sakafuni. Akaegemea mwimo wa mlango. Alikuwa amekulia katika habari ya stesheni, na njia nzima ya kuja alikuwa akiikimbilia au kuikimbia, hata mwenyewe hakujua.

Jioni kidogo kabla ya jua kushuka, Stéphanie alikuja kuketi kwenye benchi. Mama Ndaya alimsimulia habari ya Mbombo, ya bomba, na ya yule mwanamke wa maji. Hakuwahi kumsimulia mtu habari ya yule mwanamke.

"Ningemusikia," akasema, "Mbombo angepona?"

Stéphanie alifikiri, hakumpa jibu la kumbembeleza. "Mama, pale gare ya treni hakukuwa dawa, hakukuwa munganga. Ungeona damu, ungemupa nini? Si weye ulimuua. Na ule mama wa maji naye, hapana."

"Alisema kweli."

"Ee. Alisema kweli."

Mama Ndaya aliutafuta moyoni ule uchungu wake wa siku zote, akaukuta haupo mahali pake. Aliona wepesi ambao karibu aulalamikie, amezoea mzigo. Angeweza kumpata yule mwanamke, angempigia magoti. Kwa kuwa hawezi, aliinua mikono miwili akapokea beseni lake kutoka kwa Stéphanie. Mkunga alikuwa amelifunika mwenyewe na kuliweka mahali ambapo hakuna aliyeligusa.

"Yaya, kitambaa yako iko yote," akasema. "Nilichunga."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita yaya, dada mkubwa.

Nyumba waliyohamia ilikuwa ya kupanga, chumba na sebule, katika ua wa watu wasiowajua. Abigaëlle alipotoka kituoni akalala na mtoto, Mama Ndaya alifua kile kitambaa kwa sabuni mara mbili. Akaingia nacho ndani, kama kawaida. Akalitazama dirisha. Akatoka nacho tena, akakianika kwenye waya katikati ya ua, juani. Doa lilikuwa limebaki, kubwa, la rangi ya udongo.

Mwanamke wa chumba cha jirani, Mkatanga kwa lafudhi yake, alikuwa anapepeta unga. Akakitazama kile kitambaa, akashindwa kujizuia. "Ee, mama. Ilikuwa damu ya nani?"

Mama Ndaya, asiyependa maswali, alimgeukia.

"Ya muke ya mutoto wangu," akasema. "Ilitoka mingi sana. Eko muzima."